Gari ya mwendo, kona na kiuno: linganisha hivi kabla hujatoa hela

Kuna kosa nimelifanya mimi mwenyewe na naona watu kibao wanalirudia. Unaenda kuona gari ya spoti, unapewa funguo, unaizungusha dakika kumi kwenye lami mpya, gari inakata kona imeng'ang'ania chini kama kupe, unashuka meno yote nje, kesho yake hela imetoka. Wiki ya pili ndo unakumbuka kwamba kutoka lami mpaka getini kwako kuna kilometa moja na nusu ya vumbi yenye makorongo, na njia ya kazini ina matuta kumi na manne (ya kwangu nimeyahesabu), na kila tuta ile gari inakupiga kiuno kama vile inakudai. Mi yangu ya kwanza, jina la gari naliacha maana kiwanda hakikuwa na kosa, aliyekuwa nayo kabla yangu alikata springi ili ilale chini, kwenye picha ilipendeza kweli, ila mwezi wa tatu bi mkubwa akawa anasema bora apande mwendokasi asimame mpaka Kivukoni kuliko kukaa siti ya nyuma ya gari ya mwanae.

Kwa hiyo hivi ndo nalinganisha siku hizi. Mfano natumia gari tatu ambazo huku kwetu zinawaumiza watu kichwa, Subaru WRX STI, Golf GTI ya Mk7 (toleo la saba) na Toyota Mark X. Najua hazifanani, moja damu yake ni ya rali, moja ni ya milango mitano ya kwenda sokoni lakini ina turbo, nyingine ni saluni ya kizee yenye V6, ila ndo hizo hizo mtu mmoja anakuta amezifungua zote kwenye simu saa saba za usiku na hajui ashike ipi.

Anza na wiki yako, gari baadae

Chukua karatasi uandike unaendesha wapi. Siyo unapoota kuendesha, unapoendesha. Mimi nilivyoandika niliona aibu. Goba mpaka Posta kwenda na kurudi kama kilometa 50, siku tano, wiki nne, hiyo ni 1,000 kwa mwezi. Moro naenda mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi karibu 400, na barabara yenyewe sehemu kubwa ni mstari tu na malori. Kitonga, ule mlima wa kona kona, napita mara moja kwa mwaka nikienda Iringa. Sasa kumbe mi nilikuwa nanunua gari kwa ajili ya Kitonga! Kilometa elfu moja za foleni na matuta nazipa kisogo, halafu asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, nyuma ya lori la mzigo linalopanda kwa gia ya kwanza, ndo naipangia bajeti.

Ukishaandika zigawe kwenye mafungu manne: foleni, lami ya kasi, vumbi na matuta, halafu kona. Kama kona hazifiki hata sehemu moja ya kumi basi gari iliyokazwa kwa ajili ya kona utailipia kila siku na kuifaidi Krismasi. Ila mtu aliyeko Lushoto, anayeshuka na kupanda Mombo kila wiki, hesabu yake ni nyingine kabisa, ile barabara ni kona tupu kilometa thelathini na kitu, upande mmoja jiwe upande mwingine bonde, huyo ana haki ya kutafuta gari isiyolala. Hata wa Nairobi anayeishi upande wa Limuru simwambii kitu.

Kushika barabara siyo kitu kimoja

Hapa ndo watu wengi tunapotea. Tukisema gari inashika barabara tunachanganya vitu kama vitano. Kuna usukani kuitikia, yaani ukigeuza kidogo pua inageuka saa hiyo hiyo au inafikiria kwanza. Kuna kulala, bodi kuinama ukiingia kona. Kuna mshiko wenyewe, tairi inang'ang'ania kiasi gani kabla haijaanza kuteleza. Kuna kutulia kwenye spidi, ile ya 110 unashika usukani kwa vidole viwili wala huna wasiwasi. Na kuna breki, ukikanyaga ghafla inasimama imenyooka au mkia unataka kukupita.

Sasa angalia vizuri, katika hivyo vitano ni kulala peke yake ndo kunagombana kweli na ulaini, na usukani kuitikia kidogo. Mshiko unatoka kwenye tairi nzuri, na tairi nzuri haikuumizi mgongo. Kutulia kwenye spidi kunatoka kwenye umbo la gari, alaimenti, bushi nzima (zile raba za kwenye maungio ya saspensheni) na shokapu nzima. Breki vivyo hivyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ngumu kwa sababu inashika barabara" muulize inashika kitu gani katika hivyo, maana mara nyingi unachouziwa kwa maumivu yote hayo ni gari isiyolala basi.

Na ugumu wenyewe hautoki sehemu moja. Springi inabeba uzito. Shokapu inazuia springi isicheze cheze, inatuliza. Stabilaiza, ile chuma inayounganisha tairi ya kushoto na ya kulia, inazuia kulala. Ukikaza springi gari inaruka kwenye kila kitu. Ukikaza stabilaiza, kwenye tuta linalokanyagwa na tairi zote mbili kwa pamoja huoni tofauti kubwa, ila ingia shimo la upande mmoja uone, kichwa kinapelekwa kushoto kulia kama unakataa kitu. Shokapu ikiwa nzuri ndo inakupa vyote viwili kwa kiasi, na ndo maana gari mbili zenye springi karibu sawa zinaweza kuwa mbingu na ardhi. Subaru wenyewe Japani WRX S4, ndugu yake STI ya otomatiki, waliiuza kwa daraja mbili, GT na GT-S, injini ile ile ya 300 hp, na GT-S ndo ina shokapu za Bilstein. Ukiwa unaagiza, hiyo herufi S ndogo mwishoni uiulizie, picha haitakwambia.

Kama unabisha kwamba gari laini haiwezi kwenda, ushahidi uko jirani hapo Kenya. Safari Rally ya 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Lancer Evolution, 1997 Colin McRae akashinda na Impreza, gari za ukoo ule ule ambazo leo kijana anazishusha mpaka bampa linafagia barabara. Zile za Safari zilinyanyuliwa, zikapewa saspensheni ya kupanda na kushuka mwendo mrefu, kwa sababu njia ilikuwa mawe na makorongo na vumbi, gari iliyokazwa ingekuwa hewani nusu ya safari. Na tairi ikiwa hewani haigeuzi gari, haifungi breki, haisukumi chochote. Kwenye lami ya mbio za duara ulaya, gari iliyokazwa inashinda. Kwenye lami yetu iliyoumuka, yenye mifereji ya malori, gari inayofuata mabonde ndo inayoshika barabara. Kwahiyo muda mwingine kwa huku ulaini ndo mshiko wenyewe, siyo adui wake, na nikiona mtu anataja muda wa gari fulani kule Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kama sababu ya kuinunua aje nayo Kimara huwa nanyamaza tu.

Soma ukuta wa tairi kabla hujasoma hp

Namba za pembeni ya tairi zitakwambia mambo mengi kuliko tangazo. Chukua 225/40R18. Upana ni milimita 225, ukuta ni asilimia 40 ya huo upana, yaani milimita 90, rimu inchi 18. Ukuta ndo mto wako wa kwanza, kabla ya springi na shokapu. STI ya VAB (ile ya 2014 kuendelea) inakuja na 245/40R18, ukuta milimita 98, za baadae zikaja na 245/35R19, hapo umebaki na kama 86. Golf GTI nyingi utazikuta na hiyo 225/40R18. Mark X 250G ya kawaida, ile GRX130, ina 215/60R16, ukuta 129. Tofauti ya 90 na 129 ni karibu sentimeta nne za mpira na hewa, na hizo sentimeta nne unazisikia kwenye kila jiwe. Na kwenye shimo, rimu ya 19 ndo inayopinda, siyo ya 16.

Habari njema ni kwamba hii ni sehemu rahisi kurekebisha. 225/45R17 na 225/40R18 urefu wake wote kwenda juu umepishana milimita tatu tu, 634 kwa 637, kwa hiyo ukishuka kwenye 17 spidomita haiharibiki na unapata ukuta wa 101. Cha kuangalia ni kwamba rimu ya 17 ipite kwenye kaliper za breki, gari za spoti zina breki kubwa, usinunue rimu kwa macho, ifunge kwanza uizungushe kwa mkono. Kwa STI yenye breki za Brembo hapo ndo uwe makini zaidi.

Halafu angalia umri. Pembeni ya tairi kuna DOT na mwisho wake namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Gari inatoka Japani na tairi zake, zina kashata zote zinapendeza, kumbe zimekauka zimekuwa kama ubao. Tairi ya hivyo inakudanganya mara mbili, inafanya gari ionekane ngumu na inafanya ionekane haishiki. Nimeona mtu kaikataa gari nzuri sababu ya tairi za zamani, na mwingine akaipenda mbovu kwa sababu imevalishwa mpya.

Upepo nao. Pima kabla ya kujaribu, gari nyingi zina stika yake kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kuna vijana wa upepo wanajaza 40 kila gari inayokuja, unaendesha tofali. Usilinganishe gari yenye 40 na gari yenye 33 ukasema moja ni laini.

Mwenye macho kwenye BMW 3 Series, nyingi zilitoka kiwandani na ranifleti, tairi ambazo ukuta wake umeimarishwa ili zikitoboka uendelee kwenda. Ule ukuta ni mgumu. Ukibadilisha ukaweka za kawaida gari inakuwa nyingine kabisa, ila kumbuka nyingi hazina spea, itabidi utembee na pampu na vifaa vya kuziba.

Njia ya kujaribia, usikubali ya muuzaji

Muuzaji ana njia yake. Ni fupi, ni lami safi, na inageukia kwenye sheli. We kuwa na yako na gari zote zipite hiyo hiyo, siku hiyo hiyo ikiwezekana, vinginevyo unalinganisha kumbukumbu. Omba dakika 40. Akikataa dakika 40 kwa gari ya mamilioni, basi we shukuru uondoke.

Zima redio. Anza na vumbi, spidi 20 au 30, hapo unasikiliza zaidi kuliko kuhisi, kugonga gonga ni stabilaiza linki au boljoint, mlio wa mpira mkavu ni bushi, dashibodi kulia ni gari iliyoteseka miaka. Tuta la kwanza lipande taratibu, la pili ongeza kidogo, halafu uangalie ikishuka inafanya nini. Gari nzima inashuka, inapanda mara moja, inatulia. Ikicheza mara mbili tatu shokapu zimekwisha hata kama inaonekana laini, na huo ulaini ni wa uongo, subiri ufike 100 uone inavyoelea. Ikitua na kishindo, paa!, bila kucheza kabisa, aidha imeshushwa au raba za kugongea ndo zinafanya kazi ya springi.

Tafuta shimo la upande mmoja. Kichwa kikirushwa pembeni ushajua. Kisha rasta, zile mistari za kabla ya zebra, zipite kwenye 50 (makazi ya watu ni 50, trafiki wa tochi hana habari kwamba unajaribu gari) uangalie mikono yako, usukani ukitetemeka wote mpaka kwenye kiwiko mwezi mmoja wa Morogoro Road utakuchosha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kona yenye kasoro katikati. Siyo kona safi, kona safi kila gari inaiweza. Tafuta raundabauti au mzunguko ambao lami imeumuka kidogo au ina kiraka, ingia spidi ya kawaida tu, 40 au 50, ukikanyaga kile kiraka huku umegeuza usukani uone gari inafanya nini. Ikimeza ikaendelea na mstari wake, hiyo inashika barabara, hata kama imelala kidogo. Ikiruka pembeni nusu hatua ikabidi urekebishe usukani, hiyo ni ngumu tu na ugumu wake haukusaidii. Niliwahi kujaribu gari mbili hivyo siku moja, iliyokuwa na sifa mtaani ndo iliyoruka.

Kwenye lami ya kasi chagua sehemu yenye mifereji ya malori. Tairi pana zenye ukuta mfupi zinavutwa na ile mifereji, usukani unakuwa na akili yake, unaenda kulia wakati we unataka kunyooka. Hili hawalisemi kwenye video za wazungu kwa sababu kwao haliko kivile. Ukipita daraja la juu, pale Kijazi Ubungo kwa mfano, sikiliza viungo vya daraja, tu-tum laini au kak-kak ya chuma. Ukifika 100 ongea na uliyekaa naye, mkilazimika kupaza sauti basi mpaka Dodoma mtafika mmenuna.

Breki moja ya nguvu kutoka 80, sehemu salama, nyuma hamna mtu. Ikiwezekana lami isiwe nyororo sana. Shokapu zilizochoka gari inadunda wakati wa kufunga na inachukua umbali mrefu, na hapo ndo utaona kwamba shokapu siyo mambo ya raha peke yake.

Halafu hiki watu hawakifanyi kabisa: hamia siti ya nyuma, mwache mwenzio aendeshe. Dereva ana usukani wa kushikilia na anaona tuta linakuja, abiria wa nyuma hana vyote viwili. Mpakie mkeo, mpakie mzee, sikiliza wanasema nini wakishuka, siyo wanasema nini wakiwa ndani kwa heshima. Na kama kawaida yako mnasafiri watano na mizigo ya Pasaka, jaza watu watano upande tuta la mtaani kwako. STI chini yake ni milimita 135 ikiwa tupu, Forester ya SJ ni 220. Ukijaza watu hiyo 135 inapungua na tuta la kienyeji lililojengwa na wananchi wenye hasira halijui habari za Japani.

Sasa zile tatu

STI. Usukani wake na ile diferensho ya katikati (inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma) unayoweza kuirekebisha mwenyewe, aisee, kona za mvua ukiwa umeizoea hakuna kinachokufuata kwa bei ile. Injini yake, EJ207 ya 308 hp, inaita. Ila ni manyuo tupu, gia sita, klachi nzito, na foleni ya kutoka Ubungo saa kumi na mbili jioni itakukomaza mguu wa kushoto. Hapa ndo nataka ueleweke kwamba ulaini siyo springi peke yake, klachi ni ulaini, kelele ni ulaini, siti ni ulaini. Siti za kukumbatia zenye mbavu kubwa pembeni ni tamu ukiwa kwenye kona ila kama una mwili kama wangu, masaa matatu barabarani zile mbavu zinakubana mapaja mpaka ganzi. Kaa ndani dakika ishirini gari imesimama, ujue. Kama unapenda mambo ya Subaru na hutaki klachi, S4 ya CVT ipo, na Levorg, ile ya wagon, ipo kama una mizigo.

Golf GTI ya Mk7, 220 hp kwa ile ya kawaida, 230 kwa ya Performance. Mbele ndo inavuta, kwa hiyo ukiingia kona na mwendo wa kijinga pua inasukuma nje, inakuonya mapema, ni gari ya kusamehe. Ile ya Performance ina diferensho ya mbele inayobana umeme umeme, ukikanyaga mafuta katikati ya kona unaisikia ikijivuta ndani badala ya kukimbia nje. Imeshushwa milimita 15 tu kuliko Golf ya kawaida. Zingine zina DCC, shokapu zinazobadilika kwa kitufe, na hapo mtu anasema basi tumemaliza, laini asubuhi ngumu jioni. Kweli inasaidia, ila wakati wa kujaribu hakikisha unasikia tofauti ukibonyeza, maana shokapu ya umeme ikifa bei yake siyo ya shokapu ya kawaida, na ukifungiwa ya kawaida umebaki na kitufe cha mapambo. Giaboksi lake la otomatiki, DSG, tamu likiwa kwenye mwendo, ila kwenye foleni ya kusogea hatua mbili mbili lijaribu kwa muda mrefu, likishtuka shtuka usiambiwe ndo zilivyo.

Mark X watu wa spoti wanaicheka na mimi nilikuwa nawasaidia kucheka. Saspensheni yake mbele ni dabo wishboni, nyuma maltilinki, inasukuma kwa nyuma, V6 ya 2.5 ina 203 hp na 350S ina 318. Inalala kwenye kona, ndiyo, na usukani wake haukwambii chochote kuhusu lami. Ila ichukue Dar mpaka Moro halafu nyoosha mgongo uone kama kuna mahali panauma. Otomatiki yake ya kawaida kwenye foleni huisikii. Ukiivalisha tairi za maana, shokapu mpya na alaimenti ya kwenye mashine, asilimia kubwa ya kona unazokutana nazo kwenye maisha yako itazipita na wewe umekunja mguu. Wasiwasi wangu ni mvua tu, nyuma inaposukuma na tairi zimeisha, mkia unatoka bila hodi.

Nikizipanga kwa zile karatasi za mwanzo: wa Lushoto au anayeenda kwenye mbio za wikiendi, STI bila kujadili. Mwenye elfu moja za foleni na kasafari kamoja, ni Golf au Mark X, na hapo mwamuzi ni siti ya nyuma anakaa nani. Watoto wadogo hawalalamiki. Wazee wanalalamika.

Usilinganishe gari nzima na gari chovu

Gari za mtumba, miaka kumi na kitu, bushi zimekufa zote. Mark X yenye bushi mpya itaishinda STI iliyochakaa kwa kila kitu, kushika na ulaini, na utaondoka na jibu la uongo. Kwa hiyo kabla hujaandika maksi, ipeleke gereji inyanyuliwe. Shokapu zinavuja mafuta? Bushi za lowa arm zimepasuka? Tairi zimeliwa upande mmoja? Ulizia bei ya kurudisha vyote hivyo hali ya kiwandani, jumlisha kwenye bei ya gari, halafu ndo ulinganishe. Na uangalie kama springi ni za kwake, rangi nyekundu au njano inayong'aa kwenye gari ya kawaida, au koilova zenye nyuzi (springi na shokapu za kurekebisha urefu), maana yake kuna mtu alishaamua kwa niaba yako. Siyo lazima iwe vibaya, koilova nzuri zilizopangwa na anayejua zinaweza kuwa tamu kuliko za kiwandani, ila nyingi tunazokutana nazo zimezungushwa chini mpaka mwisho, shokapu haina nafasi ya kufanya kazi.

Jambo jingine la kuweka kwenye hesabu ni kipi unaweza kubadili baadae na kipi huwezi. Tairi, rimu, upepo, shokapu, alaimenti, hata siti, vyote hivyo vinabadilika. Uzito haubadiliki. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma haubadiliki, na kelele za bodi kuzipunguza ni shughuli. Gari laini yenye maungo mazuri unaweza kuikaza kidogo kidogo, stabilaiza kubwa zaidi, tairi bora, ukaishia pale unapotaka. Gari iliyozaliwa ngumu kuilainisha ni kazi ghali na mara nyingi unaishia na kitu kisichojielewa. Kwa hiyo ukiwa njia panda kati ya mbili na huna uhakika, mi nashika laini.

Ukishanunua usikimbilie kufunga chochote mwezi wa kwanza. Alaimenti, balansi, upepo wa kwenye stika, basi, uendeshe kilometa elfu moja. Nusu ya vitu ulivyodhani vinakukera vitaondoka hapo.

Mimi niliishia kwenye GTI, isiyo na DCC, nikaishusha kwenye rimu za 17 wiki hiyo hiyo. Bi mkubwa anakaa mbele siku hizi na lawama zake zimehamia kwenye muziki. Rimu za 18 ziko stoo, anayezitaka aje azione, ila tairi zilizomo zimeandikwa 2214 kwa hiyo hizo tunazivua kwanza.